"Inasomewa Vipi?" Wanawake na mtihani wa kuteua maafisa wa jeshi

Miezi michache iliyopita alinipigia simu mama mmoja wa kwetu Tanga, anakaa Reading. Bintiye kamaliza chuo kikuu na kaomba uafisa katika jeshi la Uingereza. Akaniambia: "Dada, wewe mtu wa vitabu, hebu msaidie huyu mwanao. Wana mitihani ya kuuliza ukikutwa na jambo fulani utafanya nini. Hesabu inasomewa, Kiingereza kinasomewa. Sasa hiyo nayo inasomewa vipi?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa kichwani. Mimi si mwanajeshi wala mwanasaikolojia, ni mtu wa historia. Nikaanza kufukua mtihani huu umetoka wapi, nani aliutunga na alipoutunga alikuwa akimfikiria nani. Naomba niwashirikishe niliyoyapata, kwa sababu naona wasichana wetu huku ughaibuni wanazidi kugonga milango hii, na sisi wazazi tunawaombea dua tu bila kujua ndani kuna nini.

Tuanze Ujerumani. Baada ya Vita vya Kwanza, mkataba wa Versailles wa 1919 uliibana Ujerumani ibaki na jeshi la watu 100,000, na kati yao maafisa 4,000 tu. Ukiwa na nafasi chache hivyo, unachagua kwa makini. Kuanzia 1927 anayetaka uafisa alilazimika kupita mbele ya wanasaikolojia wa jeshi, na jina linalotajwa sana hapo ni Max Simoneit. Mtahiniwa hakuulizwa maswali ya darasani peke yake. Alipewa kazi ya kufanya, akapewa askari wa kuwaamrisha, na watu wakakaa kumtazama: anaamuaje, anasemaje, akikwama anafanya nini.

Waingereza wakati huo walikuwa na njia yao ya kizee. Kijana anaitwa mbele ya wakubwa, anahojiwa kwa dakika chache: umesoma shule gani, baba yako anafanya kazi gani, unacheza mchezo gani. Kwa jeshi dogo la watoto wa wakubwa mambo yalikwenda. Vita vya Pili vilipokuja na jeshi likahitaji maafisa kwa maelfu, njia hiyo ikashindwa. Vijana wengi waliopitishwa walirudishwa kutoka vyuo vya mafunzo kwa kutofaa, na malalamiko yakafika Bungeni. Jenerali Andrew Thorne, aliyekuwa mwambata wa kijeshi Berlin miaka ya thelathini na kuyaona mambo ya Wajerumani kwa macho yake, sasa alikuwa mkuu wa jeshi la Uskochi. Kwa msaada wake, na wa Jenerali Ronald Adam aliyesimamia mambo ya watumishi jeshini, bodi ya kwanza ya namna mpya ilifunguliwa Edinburgh mwanzoni mwa 1942. Kumbe mwaka huohuo Wajerumani wenyewe waliufuta mtindo wao! Historia ina vituko.

Katika bodi hizo watahiniwa walikaa siku kama tatu katika jumba la shamba pamoja na maafisa, wanasaikolojia na madaktari wa akili. Kila mmoja alivaa namba badala ya cheo. Wilfred Bion, daktari aliyekuja kuwa maarufu sana baadaye, akabuni zoezi la kundi lisilo na kiongozi: watu wanapewa kazi, hakuna aliyeteuliwa kuongoza, watazamaji wanakaa kimya kuona nani atainuka na atainukaje. Tuseme kweli, kwa wakati wake yalikuwa mapinduzi. Mtoto wa mchimba makaa na mtoto wa lodi wamevaa namba, wanavuka mto mmoja kwa ubao mmoja.

Lakini hapa ndipo mwanahistoria anapouliza: kipimo kilitolewa kwa nani? Walichukuliwa maafisa waliokwishaonekana kufaa, wanaume watupu, na mwenendo wao ukafanywa ratili ya kupimia wengine. Wanawake wa kikosi cha wasaidizi, ATS, kilichoundwa 1938, nao walikuja kupitishwa katika bodi za mtindo huu. Ila walikuwa wakiteuliwa kuwa wasaidizi, neno liko katika jina la kikosi chenyewe. Marekani nako, idara ya ujasusi ya OSS ilianzisha vituo vya kupima watu ikiongozwa na mwanasaikolojia Henry Murray, na wanawake walipimwa pia. Kitabu walichotoa baada ya vita, mwaka 1948, kinaitwa "Assessment of Men". Wanawake walikuwa ndani ya nyumba, lakini juu ya mlango jina lao halikuwepo.

Sasa niwape kisa cha mtu mmoja, maana bila mtu mambo haya yanakuwa makaratasi tu.

Noor Inayat Khan alizaliwa Moscow 1914, baba Mhindi, mwalimu wa tasawwuf, mama Mmarekani. Alikulia Ufaransa, akaandika hadithi za watoto. Mwaka 1940 akajiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga la Uingereza, akasomea redio, na kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa cha nyumbani, idara ya siri ya SOE ikamchukua. Wakufunzi wake waligawanyika. Wengine waliandika kwamba hafai: ni mpole mno, mwoga, ana ndoto nyingi. Katika zoezi la kuhojiwa kwa maigizo, lile la kuamshwa usiku na watu waliovaa kijerumani, alitetemeka hata walioshuhudia wakamhurumia. Maurice Buckmaster, mkuu wa kitengo cha Ufaransa, akazitupilia mbali ripoti hizo. Walihitaji watu wa redio.

Akashushwa Ufaransa usiku wa 16 kuamkia 17 Juni 1943. Siku chache tu baadaye Wajerumani wakaubomoa mtandao aliopelekwa kuutumikia, watu wakakamatwa kwa makundi. London ikamtaka arudi. Hapo ndugu zangu ndipo mtihani wa "ungefanya nini" ulipomjia bila karatasi. Akakataa kurudi, kwa sababu alijua kwamba akiondoka, Paris haitakuwa na mtu wa kupeleka habari. Kwa zaidi ya miezi mitatu alihamahama na mtambo wake huku anawindwa. Alikamatwa Oktoba kwa kusalitiwa, akajaribu kutoroka mara mbili, akafungwa minyororo, hakutaja wenzake. Aliuawa Dachau tarehe 13 Septemba 1944. Mwaka 1949 alipewa nishani ya George Cross.

Sitaki kisa hiki tukipambe. Noor alikuwa ametunza nakala za ujumbe aliotuma, Wajerumani wakazikuta na kuzitumia kuidanganya London. Wakufunzi waliosema si mwangalifu hawakukosea kabisa. Walichokosea ni kuuchukua upole kuwa ni udhaifu. Alitetemeka kwenye maigizo, na kwenye ukweli hakutetemeka. Kipimo chao hakikuwa na mahali pa kuandika ushujaa wa namna hiyo, kwa sababu hawakuwa wamewahi kuuona kwa afisa waliyemzoea.

Tuvuke bahari, twende nchi ya baba yake Noor, maana huko ndiko mtihani huu ulikokomaa kuliko mahali pengine popote. Waingereza walifungua bodi ya majaribio Dehradun mwaka 1943. Uhuru ulipokuja 1947 wakoloni wakaondoka, bodi ikabaki. Hadi leo anayetaka uafisa India hupita mbele ya bodi wanayoiita SSB, siku tano. Kuna picha ambazo mtahiniwa anazitungia hadithi. Kuna maneno 60, kila moja sekunde 15, aandike wazo la kwanza. Na kuna huo mtihani aliouzungumzia yule mama: matukio 60 kwa dakika 30. Pigeni hesabu: nusu dakika kusoma, kuamua na kuandika. Uko kwenye treni, abiria mwenzio amezimia. Umekabidhiwa fedha za sherehe ya kijiji, zimepotea. Hakuna majibu ya kuchagua, unaandika mwenyewe.

Wanawake walikuwa wapi? Sheria ya Jeshi la India ya 1950, kifungu cha 12, iliwazuia wasiingie jeshini ila pale serikali itakapotangaza vinginevyo. Tangazo la kuwaruhusu kuwa maafisa katika baadhi ya idara lilitoka 30 Januari 1992, miaka 42 baadaye, na la muda tu: miaka mitano. Kundi la kwanza la wasichana 25 lilikwenda kufundishwa Chennai mwaka huohuo, wakapata kamisheni Machi 1993. Walijibu matukio yaleyale 60 kama kaka zao. Walipimwa sifa zilezile 15 za uafisa. Wakafaulu. Kisha wakaambiwa: nyinyi kamisheni ya kudumu hamna.

Kesi ilianza Mahakama Kuu ya Delhi, wakashinda 2010, serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Februari 2020 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu katika shauri la Babita Puniya. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba wanawake wana majukumu ya nyumbani, na kwamba askari wanaotoka vijijini hawako tayari kuamrishwa na mwanamke. Mahakama ikakataa hoja hizo, ikasema ni mawazo ya kijadi tu kuhusu wanawake. Mwaka uliofuata, 25 Machi 2021, katika shauri la Luteni Kanali Nitisha, mahakama hiyohiyo ikaenda mbali zaidi. Ilisema kipimo kinaweza kuonekana sawa kwa wote kikawa bado kinabagua, kwa sababu kimekatwa kwa mwili na maisha ya mtu mmoja halafu wanavikwa wote. Agosti 2021 ikaamriwa wasichana waruhusiwe kufanya mtihani wa chuo cha NDA. Wakaingia 19 mwaka 2022, na tarehe 30 Mei 2025 wakahitimu 17.

Kwa nini narefusha India? Kwa sababu India ndiko biashara ya kuwanoa watahiniwa ilikostawi, darasa kwa darasa, nyingi zikiendeshwa na maafisa wastaafu. Ndiko pia ubishi ulikoiva: je, kumwandaa mtu kwa mtihani wa tabia si udanganyifu? Wapinzani wanasema tabia haifundishwi wiki mbili. Na kweli, kuna tuisheni za kukaririsha majibu, kila mtahiniwa anamwokoa mgonjwa, anamkamata mwizi na bado anawahi mtihani wake. Wapimaji si watoto, majibu ya mashine wanayajua.

Ila mimi nauliza: yule kijana wa kiume asiyekwenda tuisheni, kweli hakuandaliwa? Toka ana miaka saba anatumwa nje usiku. Ameachwa aongoze timu ya mpira, akosee, arudi kesho aongoze tena. Ameambiwa "wewe mwanaume, amua". Hiyo ni tuisheni ya miaka kumi na tano, ya bure, na hakuna anayeiita udanganyifu.

Na tusije tukadhani kwamba wasichana hawajui kuamua. Siku hizi kuna mitihani ya namna hii yenye majibu ya kuchagua. Jeshi la anga la Marekani linayo ndani ya mtihani wake wa kuteua maafisa, maswali 50 kwa dakika 35. Mwaka 2008 Deborah Whetzel na wenzake walikusanya tafiti nyingi za mitihani ya aina hii katika kazi mbalimbali wakakuta wanawake, kwa wastani, wanawapita wanaume kidogo. Basi tatizo liko wapi? Sehemu moja iko kwa anayemtazama. David Smith na wenzake walichapisha 2018 uchunguzi wa tathmini zaidi ya 81,000 za wanafunzi wa chuo kimoja cha kijeshi Marekani. Alama zao za kupimika hazikutofautiana. Maneno ndiyo yaliyotofautiana: mwanaume alisifiwa zaidi kwa uchambuzi, mwanamke kwa huruma, mwanaume akilaumiwa ni mwenye kiburi, mwanamke akilaumiwa ni hajiwezi. Mwenye kiburi bado utampa kikosi. Asiyejiweza utampa?

Sehemu ya pili niliiona kwa macho yangu Reading, Jumamosi moja, mezani, huku mama mtu akikaanga maandazi.

Jeshi la Uingereza huwapima waombaji uafisa Westbury, Wiltshire. Siku hizi wanawake wako ndani kikamilifu: kikosi chao cha pembeni kilivunjwa 1992, na tangu 2018 hakuna kazi jeshini iliyofungwa kwao. Huko Westbury kuna zoezi la kupanga. Unapewa ramani na hadithi ya tatizo, unaandika mpango, halafu unahojiwa harakaharaka: umbali gani, mwendo gani, mtafika saa ngapi, na gari likiharibika je? Nikamtungia binti matukio yangu mwenyewe.

La kwanza: mko sita milimani, mmoja ameteguka mguu, mvua inakuja, kiongozi amekwenda kutafuta njia hajarudi. Akaandika: "Tungesubiri kiongozi arudi." La pili: wewe luteni mpya, sajenti mwenye umri wa baba yako anakupinga mbele ya askari. Akaandika: "Ningenyamaza ili nisimvunjie heshima."

Mnaona? Si mjinga huyu, ana digrii. Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza: "Mwaka jana bibi yako alipoanguka Tanga, mama yako yuko zamu ya usiku, nani alishughulika?" Akasema, "Mimi, mama mdogo." "Ulifanya nini?" Akanihesabia: alimpigia mjomba ampeleke hospitali, alipotoa visingizio akampigia jirani mwenye gari, akatuma hela usiku uleule, akaongea na daktari, akamtafutia mama tiketi, mdogo wake akampangia nani atamchukua shule. Yote kabla hakujakucha. Nikamwambia: "Mbona hilo hukuliandika?" Akanitazama kama vile nimeuliza jambo la ajabu. "Hayo si ni mambo ya nyumbani tu."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Serikali ya India ilisimama mahakamani ikasema majukumu ya nyumbani ni kizuizi cha uafisa. Huyu mtoto, ambaye hajawahi kusikia kesi hiyo, amekwishajihukumu kwa hoja ileile. Na nani aliyemfundisha? Sisi. Anasimamia msiba, arusi, wagonjwa, halafu wageni wakija tunamwambia akae jikoni, wakubwa wanaongea.

Basi nikampa jibu la swali la mama yake, na ndilo hili ninalowaletea. Inasomewa kwa kuhesabu ulichokwishafanya. Achukue daftari aandike mara zote alizoamua, kubwa na ndogo: nilijua nini, nilikuwa na muda gani, nilichagua nini, nilikosea wapi. Aandike "mimi", si "sisi" wala "mtu angefanya". Kisha azoee saa: nusu dakika kwa tukio, si kwa kukariri jibu bali mkono usiogope kuandika uamuzi. Na asijifanye shujaa. Anayepambana peke yake na majambazi wanne kwenye karatasi hamdanganyi mtu. Kuomba msaada ni uamuzi pia, mradi iandikwe nani ameombwa, lini, na wewe unafanya nini wakati msaada unakuja.

Na adabu zetu asizitupe. Lile jibu la sajenti nilimwambia ni nusu ya jibu zuri. Kutomvunjia mzee heshima mbele za watu ni sahihi kabisa, afisa mzuri hufanya hivyohivyo. Nusu iliyobaki ni hii: kazi iendelee kama ulivyoamuru, kisha umwite kando, umsikilize, maana huenda ana hoja, na mmalizane hapo. Heshima si kunyamaza. Bibi zetu walijua hilo, waliwaamrisha wajomba zetu bila kupandisha sauti.

Kwetu nako mlango umefunguka pole pole. Kenya ilikuwa na kikosi cha wanawake cha pembeni tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini hadi kilipovunjwa 1999 na wanawake wakaingizwa katika matawi ya kawaida. Fatuma Gaiti Ahmed, aliyeanzia katika kikosi hicho mwaka 1983, akawa meja jenerali wa kwanza mwanamke nchini humo 2018, na 2024 akakabidhiwa jeshi la anga. Kati ya 1983 na 2024 ni miaka 41. Ilibidi kwanza jeshi lenyewe libadili linavyowahesabu wanawake.

Binti yetu ameshapata tarehe ya kwenda Westbury. Hatujui itakuwaje, na wapo wengi wazuri wanaorudishwa, wake kwa waume. Juzi alinipigia. Nikamtupia lile la milimani tena bila kumwonya. Akajibu papo hapo: "Namfunga mguu, nawasogeza wote penye kivuli cha mwamba, natuma wawili wamfuate kiongozi kwa nusu saa tu, wakimkosa warudi, na mimi nabaki na mgonjwa." Halafu akaongeza, "Mama mdogo, ni kama ile ya bibi."

Mama yake alikuwa anasikiliza nyuma. Nikamsikia anasema, "Haya, mwambie na mimi niliandika yangu." Kumbe na yeye kanunua daftari.

Naomba kuwasilisha. Wenye ujuzi zaidi wanisahihishe.